Herbert Garratt na Garimoshi la Milimani

Katika sura iliyopita ulijifunza kwamba maji yakichemka hugeuka kuwa mvuke, na kwamba mvuke uliofungiwa mahali padogo huwa na nguvu ya kusukuma. Uliona jinsi mfuniko wa sufuria unavyorukaruka jikoni maji yanapotokota. Nguvu hiyo hiyo iliendesha meli na magarimoshi kwa zaidi ya miaka mia moja. Sasa utasoma habari za maisha ya mhandisi mmoja aliyeitumia nguvu ya mvuke kuvuta mizigo mizito milimani. Jina lake ni Herbert William Garratt.

Mvuke si jambo geni katika Ziwa Nyasa. Mwaka 1875 meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Ilala iliingia ziwani. Meli hiyo ilitengenezwa Uingereza, ikaletwa vipande vipande, na wapagazi wakavibeba vipande hivyo kuyapita maporomoko ya mto Shire, kisha ikaungwa upya. Baadaye Wajerumani walikuwa na meli yao, Hermann von Wissmann. Mwaka 1901 wamisionari nao waliishusha majini meli ya Chauncy Maples. Zote hizo ziliendeshwa kwa mvuke.

Juu ya milima, lakini, garimoshi halikufika. Reli ya Kusini, iliyojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga, ilifungwa mwaka 1962, nayo haikuwahi kufika Ruvuma. Hata leo mtu wa Mbinga anayetaka kupanda treni husafiri kwanza kwa barabara hadi Makambako, penye reli ya TAZARA.

Fikiri sasa juu ya barabara inayotoka Mbinga mjini na kushuka hadi Mbamba Bay. Mbinga iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na uso wa Ziwa Nyasa uko karibu mita 475 tu. Barabara hiyo haiwezi kushuka moja kwa moja. Huzunguka mlima huu, ikakunja kona, ikazunguka na ule. Lau kama hapo pangekuwa na reli badala ya barabara, garimoshi zito lingepandaje? Swali la namna hiyo ndilo lililomshughulisha Garratt.

UJANA NA MAFUNZO YAKE

Garratt alizaliwa London, mji mkuu wa Uingereza, tarehe 8 Juni 1864. Wakati huo reli zilikuwa zimekwisha kuenea kote katika nchi yake, na zilikuwa zinaanza kuenea katika mabara mengine. Mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka 15 tu, aliingia katika karakana ya reli iliyokuwa Bow, London, akawa mwanagenzi. Mwanagenzi ni kijana anayejifunza kazi kwa kuifanya chini ya mafundi. Alikaa hapo hadi mwaka 1882. Kisha alikwenda Sunderland, mji ulio kando ya bahari, akajifunza kutengeneza injini za meli.

Kwa hiyo Garratt alizifahamu injini za mvuke za nchi kavu na za majini pia. Alijua jinsi boila, yaani chombo kikubwa cha chuma cha kuchemshia maji, inavyofanya kazi. Alijua jinsi mvuke unavyopita katika mabomba na kuingia katika silinda, ukaisukuma pistoni mbele na nyuma, na jinsi mwendo huo wa pistoni unavyogeuzwa kuwa mzunguko wa gurudumu.

KAZI KATIKA NCHI NYINGI

Mwaka 1889 Garratt alikwenda Argentina, katika bara la Amerika ya Kusini, kufanya kazi katika reli. Baada ya miaka mitatu alipewa madaraka ya kusimamia vichwa vyote vya reli hiyo. Kumbuka kwamba kichwa ni ile sehemu ya garimoshi yenye injini. Mabehewa huvutwa nyuma yake. Kati ya mwaka 1900 na 1906 alifanya kazi Cuba, akaja Afrika kuhudumia reli ya Lagos katika nchi ambayo leo inaitwa Nigeria, na akafanya kazi Peru, nchi yenye milima mirefu sana.

Nchi hizo hazikufanana na Uingereza. Huko Uingereza reli zilikuwa nzito na imara, na madaraja yalikuwa na nguvu. Katika makoloni na katika nchi za milima, reli nyingi zilijengwa kwa gharama ndogo. Vyuma vyake vilikuwa vyembamba, madaraja yake yalikuwa mepesi, na njia ilijaa kona kali ili kukwepa kazi ya kuchimba milima. Hata hivyo mizigo ilikuwa mizito, na miinuko ilikuwa mikali.

Hapo palikuwa na matatizo matatu. Yasome kwa makini.

Tatizo la kwanza ni uzito. Mzigo mzito unahitaji kichwa chenye nguvu. Kichwa chenye nguvu kina boila kubwa, na boila kubwa ni nzito. Uzito huo ukikaa juu ya magurudumu machache, vyuma vya reli hupinda na daraja huweza kuvunjika.

Tatizo la pili ni kona. Ukiongeza magurudumu ili kuugawa uzito, kichwa kinakuwa kirefu. Jaribu kubeba mti mrefu katika njia nyembamba iliyo kati ya nyumba, yenye kona. Mti utagonga ukuta, kwa sababu haukunjiki. Kichwa kirefu kisichokunjika nacho hakiwezi kupita katika kona kali bila kutoka relini.

Tatizo la tatu ni kuteleza. Bila shaka umewahi kuona gari wakati wa masika likipanda mlima wenye matope. Magurudumu huzunguka, lakini gari haliendi. Msuguano kati ya gurudumu na ardhi ni mdogo mno. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma nalo huteleza upesi. Ili gurudumu lishike reli vema, lazima ligandamizwe na uzito wa kutosha. Lakini uzito ukizidi, tunarudi kwenye tatizo la kwanza!

Watu wengi waliona kwamba dawa ni moja tu: kung'oa reli, kuweka nyingine nzito zaidi, na kujenga madaraja upya. Kazi hiyo ilihitaji fedha nyingi ambazo reli hizo hazikuwa nazo. Garratt alilitazama jambo hilo kutoka upande mwingine. Alijiuliza kama kichwa chenyewe kingeweza kutengenezwa kiifae njia iliyopo.

JARIBIO

Kabla ya kuendelea, fanya jaribio hili ili uelewe habari ya uzito.

Vifaa: tofali moja, na mchanga wenye unyevu. Kama unakaa karibu na ziwa, mchanga wa ufukweni unafaa sana.

Njia: Sawazisha mchanga kwa kiganja. Simamisha tofali wima juu ya mchanga, kisha liondoe kwa uangalifu. Pima kina cha alama iliyobaki. Sasa lilaze tofali lile lile kwa upande wake mpana mahali pengine penye mchanga uliosawazishwa. Liondoe, upime tena.

Utaona kwamba tofali lililosimama limedidimia zaidi. Je, uzito wa tofali umebadilika? Haukubadilika. Kilichobadilika ni ukubwa wa mahali palipoubeba uzito huo. Uzito ukikaa mahali padogo, kanieneo yake huwa kubwa. Uzito ule ule ukitandazwa mahali pakubwa, kanieneo yake hupungua. Ndivyo ilivyo pia kwa reli. Uzito ukigawanywa kwa magurudumu mengi yaliyoachana, kila sehemu ya reli hubeba sehemu ndogo tu ya uzito wote.

WAZO LA GARRATT

Mwaka 1906 Garratt alirudi Uingereza. Alifanya kazi ya kukagua vyombo vya reli vilivyokuwa vikitengenezwa kwa ajili ya serikali ya New South Wales, huko Australia. Kazi hiyo ilimfikisha mara nyingi katika kiwanda cha Beyer, Peacock, mjini Manchester. Mwaka 1907 aliomba hataza ya wazo lake. Hataza ni hati ya serikali inayomlinda mtu aliyebuni kitu kipya, ili mwingine asikitengeneze bila idhini yake.

Wazo lenyewe utalielewa vizuri ukifikiri juu ya machela. Katika vijiji vingi vya milimani, mgonjwa asiyeweza kutembea hubebwa kwa machela mpaka hospitalini au mpaka penye barabara. Mchukuzi mmoja hutangulia na mwingine hufuata nyuma, na mgonjwa huning'inia katikati. Wanapofika kwenye kona, yule wa mbele hugeuka kwanza. Hatua chache baadaye yule wa nyuma hugeuka pia. Mgonjwa aliye katikati hana miguu ardhini, na kwa hiyo hupita tu bila shida. Tena, uzito wake hubebwa na watu wawili walioachana, wala hauelemei mahali pamoja.

Kichwa cha Garratt kilifuata kanuni hiyo. Kilikuwa na sehemu tatu. Mbele palikuwa na gari lenye magurudumu, silinda na pistoni zake. Nyuma palikuwa na gari jingine kama hilo. Katikati, juu ya fremu imara, ilikaa boila pamoja na chumba cha dereva, bila magurudumu chini yake. Fremu hiyo iliegemea juu ya magari yale mawili kwa viungo vilivyoweza kuzunguka. Kila gari liligeuka kwa wakati wake, na boila ikapita katikati kama mgonjwa katika machela.

Sasa zingatia faida zilizotokana na mpango huo.

Kwanza, uzito uligawanyika juu ya magurudumu mengi. Reli nyembamba ziliweza kuubeba.

Pili, kichwa kilikunjika mahali pawili. Kona kali hazikukizuia.

Tatu, kwa kuwa chini ya boila hapakuwa na magurudumu, boila iliweza kuwa nene, na tanuri la moto likawa pana na lenye kina. Unajua jinsi mafiga yanavyofanya kazi. Mafiga yakiwa mafupi mno, kuni hukosa hewa, na moto hutoa moshi mwingi na joto kidogo. Mafiga yakiwa na kimo cha kutosha, hewa hupita na moto huwaka vema. Tanuri la Garratt lilipata hewa ya kutosha kutoka chini, likachemsha maji mengi kwa muda mfupi.

Nne, matangi ya maji pamoja na makaa yaliwekwa juu ya magari yale mawili yenye magurudumu. Vichwa vingi vya wakati huo vilivuta behewa dogo la maji na makaa nyuma yake. Uzito wa behewa hilo haukuyasaidia magurudumu ya kuvutia kushika reli. Kichwa chenye matangi hujibebea maji yake chenyewe, na uzito wa maji huyagandamiza magurudumu yasiteleze. Mpango huu una upungufu wake pia: kadiri maji yanavyotumika, ndivyo uzito unavyopungua na magurudumu yanavyoanza kushika reli kwa udhaifu. Kwa sababu hiyo dereva alipaswa kujua mahali pa kujaza maji njiani.

Labda utauliza: mvuke ulitokaje kwenye boila iliyotulia ukafika kwenye silinda za magari yanayogeukageuka? Shika bega lako, kisha uzungushe mkono. Mfupa wa mkono una kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa bega. Mabomba ya mvuke yalifungwa viungo vya namna hiyo, vikazunguka bila kuuachia mvuke.

KICHWA CHA KWANZA

Kiwanda cha Beyer, Peacock kilikubali kulijaribu wazo hilo. Mwaka 1909 vichwa viwili vya kwanza vilitengenezwa kwa ajili ya Tasmania, kisiwa kilicho kusini ya Australia, penye reli nyembamba ya migodini. Reli hiyo ilikuwa na upana wa milimita 610 tu. Pima upana huo kwa rula, utashangaa.

Vichwa hivyo vilifanya kazi vizuri, ingawa havikukosa kasoro. Silinda za gari la nyuma ziliwekwa karibu kabisa na chumba cha dereva, zikamtesa kwa joto. Katika vichwa vilivyofuata silinda zilihamishiwa kwenye ncha za nje, mbali na chumba hicho. Hivyo ndivyo sayansi inavyoendelea. Kitu hujaribiwa, kasoro zake huonekana, na kinachofuata huwa bora zaidi. Kichwa cha kwanza kabisa kilirudishwa Uingereza mwaka 1947, nacho kimehifadhiwa.

Mwaka 1911 vichwa vya Garratt vilitengenezwa pia kwa ajili ya Australia ya Magharibi na kwa ajili ya reli ya milima ya Darjeeling, India. Lakini Garratt mwenyewe hakupata muda wa kuona matunda ya kazi yake. Alifariki tarehe 25 Septemba 1913, akiwa na umri wa miaka 49. Ilikuwa miaka minne tu tangu kichwa cha kwanza kilipotoka kiwandani, na vichwa vya aina yake vilikuwa bado vichache duniani.

VICHWA VYA GARRATT KATIKA AFRIKA MASHARIKI

Wahandisi wengine waliiendeleza kazi yake. Kwa jumla zaidi ya vichwa 1,600 vya aina hii vilitengenezwa, na vingi zaidi vilifanya kazi katika bara la Afrika. Sababu yake unaweza kuieleza wewe mwenyewe sasa. Afrika ilikuwa na reli nyembamba, miinuko mirefu na kona nyingi.

Reli ya Kenya na Uganda ilipata vichwa vyake vya kwanza vya Garratt mwaka 1926. Reli ya Tanganyika nayo ilivipata mwanzoni mwa miaka ya 1930. Vikubwa kuliko vyote katika Afrika Mashariki vilikuwa vile vya daraja la 59, vilivyotengenezwa Manchester mwaka 1955 na 1956. Vilikuwa 34, na vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, kama vile Meru na Kilimanjaro. Viliwasha mafuta mazito badala ya makaa ya mawe.

Kila kichwa cha daraja hilo kilikuwa na urefu wa karibu mita 32 na uzito wa karibu tani 252. Reli yenyewe ilikuwa na upana wa mita 1 tu! Je, iliwezaje kuubeba uzito huo? Hebu tufanye hesabu. Kichwa kilikuwa na magurudumu 28, yaani ekseli 14, kwa kuwa kila ekseli ina magurudumu mawili. Gawa 252 kwa 14. Utapata 18. Kwa hiyo, kwa wastani, kila ekseli ilibeba tani 18 tu. Kichwa kimoja kiliweza kuvuta mzigo wa tani 1,200 kutoka Mombasa, kando ya bahari, hadi Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari.

Injini za dizeli zilipoenea, vichwa vya mvuke viliondolewa kazini kidogo kidogo. Vya daraja la 59 vilianza kuacha kazi katika miaka ya 1970. Viwili kati yake vimehifadhiwa Nairobi, navyo vina majina ya milima ya Tanzania: Gelai, ulio karibu na Ziwa Natron, na Shengena, ulio katika milima ya Upare.

KANUNI ILIYOBAKI

Vichwa vya mvuke vimekwisha, lakini kanuni aliyoitumia Garratt ingali hai. Wilayani Mbinga, huko Ngaka, huchimbwa makaa ya mawe. Lori kubwa la kubebea mzigo kama huo lina ekseli nyingi, na tela lake huunganishwa na kichwa kwa kiungo kinachozunguka. Lifikapo penye kona, kichwa hugeuka kwanza, na tela hufuata. Na likifika penye mizani ya barabarani, hupimwa uzito wa kila ekseli, kwa kuwa lori lenye ekseli iliyozidishiwa mzigo huharibu barabara inayotumiwa na watu wote.

Safari nyingine utakapoliona lori likipanda mlima, hesabu ekseli zake. Angalia kona zinavyolikunja. Ndipo utakapotambua kwamba mtu aliyefariki mwaka 1913 alikuwa amekwisha kulitafuta jibu la swali linaloikabili nchi yoyote ya milima: jinsi ya kupitisha mzigo mzito katika njia dhaifu bila kuiharibu njia hiyo.

MASWALI

1. Garratt alijifunza kazi katika sehemu mbili kabla ya kwenda Argentina. Zitaje sehemu hizo.
2. Eleza matatizo matatu ya kuvuta mizigo mizito katika reli za milimani.
3. Kwa nini tofali lililosimama wima hudidimia zaidi kuliko tofali lililolazwa?
4. Kichwa cha Garratt kinafanana na machela kwa njia gani? Chora picha yake, uonyeshe boila, magari mawili na matangi.
5. Uzito wa maji katika matangi unasaidiaje kuzuia magurudumu yasiteleze? Nini hutokea maji yanapopungua?
6. Lori lenye ekseli 5 lina uzito wa tani 40 pamoja na mzigo wake. Kila ekseli inabeba tani ngapi kwa wastani? Likiwa na ekseli 4 tu na uzito ule ule, kila ekseli itabeba tani ngapi?
7. Pamoja na wenzako, tengenezeni gari refu la mabua au la waya lisilokunjika, na jingine lenye kiungo katikati. Choreni ardhini njia yenye kona kali. Ni gari lipi linalopita bila kutoka njiani? Elezeni sababu.